Mbayuwayu wa kaskazi hawaji kutaga hapa

Jirani yangu hapa Kisauni kila mwaka huniambia ati wale mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za stima kuanzia Septemba wamekuja kutaga. Wapi! Hao wenye koo jekundu hutaga Ulaya na Asia huko kukishapata joto, huku kwetu wanakimbia baridi tu, wanakula wadudu na kubadilisha manyoya, ndo mana ukiwachungulia Januari wengine mkia mfupi kama umenyofolewa, ikifika Machi yale manyoya mawili marefu yashatoka na Aprili wengi washaondoka zao. Kile kiota cha tope chini ya daraja ni cha mbayuwayu wenyeji, binamu zao, hao hawaendi ng'ambo.