Karavani ya wastaafu wawili: kila mmoja aiweze peke yake

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza karavani, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari. Wateja wangu wengi ni wastaafu, mume na mke, waliokwisha kuuza au kupangisha nyumba na sasa wanaishi barabarani mwaka mzima. Kabla sijagusa nati yoyote huwa nawauliza swali moja: mzee akilazwa hospitalini usiku wa leo, mama ataweza kuiondoa karavani hii hapa ilipo kesho asubuhi? Wengi hutazamana kwanza. Nikiligeuza swali, mama akilazwa yeye, mara nyingi mzee hajui orodha ya dawa iko wapi, bima inaisha lini, wala kituo cha kulala kinalipiwaje.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu kwangu mimi ni kubwa kuliko paneli za sola, mapazia na televisheni. Maradhi ya uzeeni hayabishi hodi. Karavani inayomtegemea mtu mmoja ni salama siku zile tu ambazo mtu huyo ni mzima.

Mgawanyo wa kazi una historia yake. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari aliyekuwa ametumikia jeshi la majini la Uingereza, aliundiwa gari la kuvutwa na farasi wawili aliloliita The Wanderer. Ndilo linalohesabiwa kuwa karavani ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa ajili ya matembezi. Lilikuwa na uzito wa karibu tani 2. Yeye alisafiri na mtu wa kuwaendesha farasi, na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia na kuwaonya waliokuwa wakija. Wastaafu wa leo wanazifanya kazi zile zote wao wenyewe, wawili tu, kwa hiyo wanagawana. Mmoja anaendesha, anafunga kiungo kinachounganisha karavani na gari, anabadilisha mtungi wa gesi. Mwingine anasoma ramani, anapanga kabati, anatunza dawa na karatasi. Mwanzoni mpango huo unaenda vizuri sana. Ikipita miaka kadhaa kila mmoja amekuwa bingwa wa nusu ya nyumba, na ile nusu nyingine ameisahau kabisa.

Mimi huanza na uzito, maana hapo ndipo wanaoishi humo mwaka mzima wanapotofautiana na watu wa likizo. Mtu wa likizo anapakia nguo za wiki mbili. Ninyi mnapakia maisha: makoti ya baridi pamoja na nguo za joto, cherehani, zana, albamu za picha, mashine ya kupumulia usiku, viti vya nje. Kila karavani ina kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Ondoeni hapo uzito wa karavani tupu, kinachobaki ndicho kibali chenu cha mizigo, na huwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Maji nayo yahesabiwe, lita moja ni kilo moja, hivyo tangi la lita 40 likijaa ni kilo 40 zilizokaa mahali pamoja. Kisha ipelekeni kwenye mizani ya magari ikiwa imepakiwa kama mnavyosafiri kweli. Kukisia hakusaidii.

Baada ya uzito wote unakuja uzito wa pua, yaani ule unaoelemea nyuma ya gari pale kwenye kiungo. Kwa karavani za Ulaya kawaida inashauriwa uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Ikiwa na kilo 1,400, basi ni kati ya kilo 70 na 98, ilimradi msivuke kikomo cha gari wala cha kiungo chenyewe. Trela za Marekani zimeundwa tofauti, nako kipimo cha kawaida ni asilimia 10 hadi 15. Mzani wa bafuni na kipande imara cha mbao vinatosha kuupima nyumbani, maadamu mzani wenyewe unaumudu uzito huo.

Pua ikiwa nyepesi mno, karavani huanza kuyumba kulia na kushoto, na mwendo ukiwa mkubwa myumbo huo hujilisha wenyewe mpaka unaipindua na kulivuta gari pamoja nayo. Ikitokea, shikeni usukani ukiwa umenyooka, ondoeni mguu kwenye mafuta taratibu, mwache mwendo upungue. Msikanyage breki kwa nguvu, wala msijaribu kuinyoosha kwa kuongeza kasi. Penye breki za umeme za trela, kama ilivyo kawaida Marekani, ile swichi ya mkono inayofunga breki za trela peke yake ndiyo ya kutumia. Nasisitiza mambo haya yajulikane na wote wawili, hata asiyependa kuendesha. Siku atakayolazimika, atakuwa amechoka na ana hofu juu ya mwenziwe aliyelazwa, na huo si wakati wa kujifunza.

Angalieni pia leseni zenu zote mbili, siyo ya dereva wa kawaida peke yake. Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 2021, na tangu Desemba ya mwaka huo mwenye leseni ya gari dogo anaruhusiwa kuvuta trela ya hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Lakini hukohuko, ukifika umri wa miaka 70 leseni inahuishwa kila baada ya miaka 3, na haki ya kuendesha magari ya zaidi ya kilo 3,500 haiendelei bila cheti cha daktari. Wenye gari-nyumba kubwa, lile lenye injini yake, hushtukizwa na jambo hili. Kama leseni ya mmoja iko mbioni kupungua, chagueni chombo ambacho mwingine anaruhusiwa kukiendesha tangu siku ya kununua.

Kurudi nyuma ndiko kunakovunja mioyo, na nimeona ndoa za miaka mingi zikipandishiana sauti kwenye uwanja wa karavani kwa sababu hiyo tu. Kuna njia moja ninayowafundisha wote. Weka mkono sehemu ya chini kabisa ya usukani. Mkono ukienda kulia, mkia wa karavani unakwenda kulia. Ukienda kushoto, unakwenda kushoto. Sogeza kidogo, subiri uone karavani imejibu, ndipo uongeze. Anayeelekeza asimame mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Dereva asipomwona, asimame palepale, bila mjadala. Kisha badilishaneni, tena uwanjani penye nafasi tupu, siku isiyo na haraka.

Kufunga kiungo kunaogopwa kuliko kunavyostahili. Mtu mmoja anaweza, mradi afuate mpangilio ule ule kila mara. Anashusha kikombe cha kiungo juu ya kichwa cha chuma kilichoko nyuma ya gari hadi kijifunge, halafu anazungusha mkono wa gurudumu dogo la mbele kana kwamba anataka kuinyanyua tena karavani. Nyuma ya gari ikipanda kidogo pamoja nayo, kiungo kimeshika. Ikibaki chini kikombe kikapanda peke yake, hakijafunga, anaanza upya. Ule waya mwembamba wa breki ya dharura aupachike kwenye tundu lake maalumu kwenye gari, palipo na tundu hilo, kwa sababu kazi yake ni kufunga breki za karavani endapo itachomoka. Nikikuta umezungushwa kiholela shingoni mwa kiungo huwa nauondoa mwenyewe. Na kama kiungo chenu ni cha aina inayozuia kuyumba kwa msuguano, msipake grisi kwenye kile kichwa cha chuma. Vibao vya msuguano vikishika grisi havizuii kitu.

Ile miguu minne ya kwenye pembe ni ya kuituliza karavani isitikisike mnapotembea ndani, haikuundwa kuinyanyua. Kama migongo au magoti yameanza kulalamika, mota ya kusogezea karavani kwa rimoti ni kifaa ninachokipendekeza bila kusita. Inaongeza kilo zake, lakini inampa mwenye nguvu kidogo uwezo uleule wa mwenye nguvu nyingi. Matairi nayo yasihukumiwe kwa kina cha mistari, maana ya karavani huzeeka kwa jua na kwa kusimama muda mrefu kabla hayajaisha. Someni tarehe iliyochapwa ubavuni, tarakimu 4, mbili za juma na mbili za mwaka.

Sasa gesi ya mtungini, ambayo huwa ni propeni au buteni. Propeni hugeuka mvuke hata kwenye baridi kali, hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni huacha kutoka mtungini joto likikaribia sifuri, ndiyo maana asubuhi ya baridi jiko linazimika ilhali mtungi ni mzito. Wanaokaa majira yote wachague propeni na watulie. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, zikivuja hujikusanya sakafuni, na ndiyo sababu karavani zina matundu chini. Kila majira ya baridi nakuta matundu hayo yamezibwa kwa vitambaa ili kuzuia upepo. Naelewa, mifupa ya uzeeni inaisikia baridi mapema. Lakini kuyaziba ni kuifungia gesi ndani pamoja na ninyi.

Kuna jambo ambalo vijana wanaotengeneza karavani hawalifikirii: uwezo wa kunusa hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Harufu inayotiwa kwenye gesi ili mshtuke huenda isiwafikie. Kwa hiyo kengele ya gesi iwekwe chini karibu na sakafu, na kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, iwe ya kwake, ipachikwe pale maelekezo ya mtengenezaji yanapotaka. Kaboni monoksidi haina harufu kwa mtu wa umri wowote. Mzijaribu mbele ya wote wawili, na mhakikishe mwenye kuvaa kifaa cha masikio anaisikia akiwa amekivua usiku. Asipoisikia, zipo kengele zinazotikisa mto au kumulika taa.

Kwenye umeme nitasema moja tu, kwa kuwa nimeliona likiyeyusha plastiki. Kebo ya kuunganisha karavani na umeme wa kituo ikunjuliwe yote, hata kama soketi iko hatua tatu tu. Ikibaki imeviringishwa huku hita inafanya kazi, joto linajikusanya katikati ya mviringo.

Dawa zinastahili uangalifu kuliko kifaa chochote. Friji nyingi za karavani zinazotumia gesi hupoza vizuri zikiwa zimelala sawasawa, na huchelewa kupoa baada ya kuhama. Insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Bamba la nyuma ndani ya friji hizi linaweza kugandisha kitu kilichogusana nalo. Wekeni kipimajoto kidogo rafu ya kati, dawa zikae kwenye kisanduku mbali na bamba hilo, na orodha ya dawa iandikwe kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara, kwa kuwa mkivuka mpaka jina la biashara hubadilika. Nakala moja ikae kwenye mkoba wa mama, nyingine kwenye gari.

Makaratasi nayo yanahitaji mahali pa kukaa. Benki, bima na leseni hudai anwani ya kudumu, na wasio na nyumba ni lazima waitafute mapema. Marekani wengi wanaoishi barabarani huchagua Texas, Florida au South Dakota, ambako kuna huduma za kupokea barua na kuzituma ulipo. Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi. Ulaya nako, wageni wasiohitaji viza wanaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zote kwa pamoja. Kuhama kutoka Ufaransa kwenda Uhispania hakuanzishi hesabu upya.

Mwisho wa safari upangwe mkiwa bado na nguvu, na mimi husema hivyo hata kwa wanandoa wanaonijia na karavani mpya inayong'aa. Kama inawezekana, msiuze nyumba kabla hamjaishi humo majira ya baridi yote. Kubalianeni ni dalili gani itakayowasimamisha: macho ya usiku, magoti, au kusahau gesi ikiwa wazi. Wapo ambao hawarudi kwenye nyumba za matofali kamwe. Huko Livingston, Texas, Escapees, chama cha watu wanaoishi barabarani, kina kituo kiitwacho CARE, ambapo wanachama wasioweza tena kusafiri huendelea kukaa ndani ya magari yao wenyewe, huku wakipata chakula na msaada wa kila siku. Wengine hukodi kiwanja karibu na binti au mwana na kuiegesha karavani hapo moja kwa moja.

Mkiiegesha kwa kudumu, ukaguzi wa kila mwaka wa gesi, umeme na unyevu kwenye kuta uendelee vilevile. Mipira ya gesi inachakaa hata kwenye karavani isiyosogea, na maji yanayopenya kwenye maungio ya paa hayajali kama mnasafiri au mmetulia.