Mipangilio ikipotea kwenye kompyuta, usikimbilie kupiga Windows upya

Nimechoka kusikia sentensi hii: "Fundi, mipangilio imepotea, nimeambiwa Windows imekufa, nipigie nyingine." Mara ya mwisho ni juzi, kutoka kwa mama aliyevuka na meli kutoka Nansio akiwa na kompyuta yake ya nyumbani ndani ya kiroba. Nikaiwasha hapa Mwanza. Nyaraka zinafunguka, printa inachapa, hesabu zote za kikundi chake cha VICOBA zimo, na hazikuwa na nakala popote pengine. Hiyo ndiyo Windows waliyotaka aifute.

Windows iliyokufa haiwaki, au inawaka na kujizima. Yake ilikuwa na dalili tofauti kabisa: ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, dirisha la mipangilio (Settings) linamulika kidogo kisha linajifunga. Ukiandika control kwenye Run (kisanduku kinachofunguka kwa kitufe cha Windows pamoja na R), unaletewa ujumbe kwamba kuna vizuizi kwenye kompyuta hii. Usomeni jamani! Kompyuta yenyewe imekwambia kuna aliyeifungia. Mipangilio iko palepale.

Anayefungia mara nyingi ni kirusi cha kwenye flashi, zile zinazozunguka kwenye maduka ya steshenari. Kinaandika sheria kwenye rejista, yaani daftari la ndani ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake, ili usiweze kukitafuta. Antivirusi inakuja, inakiua, lakini sheria kilizoandika inaweza kuziacha kama zilivyo. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wameskani, kompyuta safi, mipangilio bado hakuna, basi wanaamua Windows imeoza.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza akaunti mpya. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika net user jaribio /add, kisha ingia kwa akaunti hiyo. Mipangilio ikifunguka, sheria iko kwenye akaunti yako peke yake. Rudi kwako, fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer. Ukikuta NoControlPanel yenye thamani ya 1, hifadhi nakala ya folda hiyo, futa mstari huo, toka kwenye akaunti, ingia tena. Ya yule mama iliishia hapo, na hesabu zake hazikuguswa.

Akaunti mpya nayo ikikosa mipangilio, angalia njia hiyohiyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Zikipotea kurasa chache tu za mipangilio, tafuta humohumo sheria ya SettingsPageVisibility. Usipokuta kitu, huenda mafaili ya Windows yameharibika: kwenye cmd ya msimamizi endesha amri za kuyakarabati, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. DISM hupakua mtandaoni, kwa hiyo kuwa na bando.

Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini zina jambo lake. Kama bado imeunganishwa na mfumo wa ofisi na inaufikia, sheria uliyofuta inaweza kurudi yenyewe. Hapo kufuta rejista ni kupoteza muda. Muulize aliyekuuzia, aitoe kwenye mfumo wao kwanza.

Kuna siku nasita, na vitabu havisemi hili. Kirusi kilichopata ruhusa ya kuandika sheria kingeweza kuandika na mengine, na hakuna skani inayonipa uhakika kamili kwamba mashine hiyo ni safi. Mtu anayefanyia miamala ya benki humo namwambia wazi kwamba kwake kupiga Windows ni uamuzi wa busara. Ila mafaili yatolewe kwanza kwenye diski ya nje, yaskaniwe, yafunguliwe kwenye mashine nyingine tuone yanasomeka. Na nywila za barua pepe na benki zibadilishwe kwa simu, siyo kwa kompyuta hiyo.