Wayahudi wenye maduka makubwa Ujerumani: acheni kuuliza kwa nini hawakuuza mapema

Kila nikifundisha Ujerumani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, si walikuwa matajiri? Wangeuza tu maduka wakaondoka." Swali hili linaniuma, maana linamfanya aliyeporwa aonekane mzembe.

Wauze kwa nani, na kwa bei iliyopangwa na nani? Chukueni familia ya Tietz, wenye maduka ya Hermann Tietz. Tarehe 1 Aprili 1933 wanamgambo wa Nazi walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi kuwazuia wateja. Biashara ikayumba, mkopo ukahitajika, na sharti la mkopo likawa familia iachie usukani. Kufikia 1934 walikuwa wameshaondolewa, na kampuni ikaitwa Hertie. Huko ndiko kuuza?

Hata aliyempata mnunuzi hakuondoka na fedha zake. Kodi ya wanaohama nchi, iliyowekwa 1931, ilimega robo ya mali. Mwanzoni iliwagusa wenye mali ya zaidi ya maki (fedha ya Ujerumani wakati ule) 200,000. Mwaka 1934 Wanazi wakashusha kiwango hicho hadi 50,000. Salio lilifungiwa benki, na kulihamishia nje kulikuwa kwa hasara iliyofika 96% mwaka 1939. Kwa hiyo nawasisitizia: mkikuta mkataba wa mauzo wa miaka ile, msianze na bei. Tafuteni fedha ziliingia akaunti gani, na ruhusa ya kuzitoa ilikuwa kwa nani.

Eti maduka makubwa yote yalikuwa ya Wayahudi. Uongo. Rudolph Karstadt, aliyefungua duka lake Wismar mwaka 1881, hakuwa Myahudi.

Eti waliwaza faida tu. Salman Schocken, aliyejenga maduka Zwickau na miji mingine pamoja na kaka yake Simon, alimtunza kifedha Agnon, mwandishi wa Kiebrania, miaka mingi kabla hajapata Nobeli ya Fasihi ya 1966, na mwaka 1931 akaanzisha nyumba ya uchapishaji Berlin. Wanazi waliifunga 1938.

Na wapo waliokuwa na njia ya kuondoka wakabaki kwa ajili ya wengine. Wilfrid Israel, mzaliwa wa London, ambaye duka la familia yake Berlin lilianza 1815, alikaa hadi 1939 akiwatafutia wafanyakazi wake Wayahudi, na watoto wasio wake, njia ya kutoka.