Shilingi moja ya waziri

Watu wakijua niliwahi kuandika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa bungeni, pale Dodoma, swali huwa ni lile lile, kwamba hivi yule kiongozi wa upinzani anasimama saa nzima anaibana serikali, jasho linamtoka, afu zikipigwa kura anashindwa, na kesho anarudi tena anashindwa, sasa anapata nini? Mi nawaambia nyie mnaangalia kura. Anayeujua mchezo haangalii kura, anaangalia waziri kasema nini na kama kimeandikwa.

Chukua hii ya kushika shilingi. Wengi wanadhani ni utani wa waheshimiwa, maana shilingi moja hata pipi hainunui. Lakini iko hivi: waziri akishahitimisha hoja yake ya bajeti, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, linapitia mafungu ya fedha za wizara, na pale kwenye mshahara wa waziri mbunge anaruhusiwa kudai ufafanuzi wa jambo la kisera, asiporidhika anatoa hoja kwamba shilingi iondolewe kwenye ule mshahara. Shilingi ni mlango tu wa kuingilia. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, wachache wanachangia, waziri anainuka, anakaa, anainuka tena, mambo yakiwa magumu unaona na Mwanasheria Mkuu anaingia kumwokoa. Mwisho anayeongoza kikao anauliza wanaoafiki, wasioafiki, kelele, "wasioafiki wameshinda", kwisha habari. Au mbunge mwenyewe anasema basi namrudishia shilingi yake.

Kashindwa, sawa. Ila katika zile dakika waziri ameshaachana na karatasi aliyoandikiwa wizarani, anaongea ya kichwani, kataja mwezi, kataja barabara, kasema "nalihakikishia Bunge lako tukufu". Sisi tuliovaa hedifoni hapo ndo tulikuwa tunakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu mwakani mtu atakuja na huo ukurasa mkononi amsomee waziri maneno yake mwenyewe na hakuna pa kutokea. Na mawaziri wazoefu wanalijua hilo, ndo maana wanajibu kwa kirefuuu, wanashukuru, wanapongeza, maana muda ukiisha mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, wenyewe wanaita gilotini. Mbunge mgeni anakuja na hoja nane, zote nzuri, kengele inalia yuko ya pili. Kiongozi mzuri wa kambi ya upinzani anawagawia watu wake, wewe shika hili moja, wewe lile, na kama ni zile "taarifa" za kumkatiza katiza anayeongea wasimame wakati mwingine, zinakula muda wetu wenyewe.

Kuhusu kura yenyewe, watu wanawacheka wabunge wa chama tawala kwamba wamelalamika wiki nzima afu wakiitwa majina siku ya bajeti wote "ndiyo". Soma Ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likikataa kupitisha bajeti ya serikali Rais anaweza kulivunja, kwa hiyo kusema "hapana" pale ni sawa na kuomba urudi jimboni kutafuta kura upya. Nani anataka?

Kuna na Alhamisi, maswali kwa Waziri Mkuu, ambayo uzuri wake ni kwamba hapewi maswali mapema, na Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani akiwepo anaanza yeye. Juni 2013 Mizengo Pinda aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kupiga raia, na swali halikutoka hata upinzani, lilitoka kwa mbunge wa CCM, akajibu kwamba wanaokaidi wapigwe tu. LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, na TLS, chama cha mawakili, wakampeleka Mahakama Kuu. Jibu moja tu la papo kwa papo, hotuba ya kurasa 60 haikutoi kitu kama hicho.

Na wakati mwingine unashinda bila kupiga kura kabisa. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Chadema, akaanza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Ibara ya 53A inataka asilimia 20 ya wabunge, saini zikapatikana, hata Deo Filikunjombe wa CCM akasaini. Hoja haikufika kwenye kura. Ila Mei Rais Kikwete akapangua baraza na mawaziri kama Mkulo wa Fedha na Ngeleja wa Nishati na Madini wakaachwa nje.

Nisichokipenda mimi ni kususa, na najua hapa nitagombana na marafiki. Mwaka 2016, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye TBC, televisheni ya taifa, yamekatwa tangu Januari, wananchi hawaoni, yaani kilichobaki ni Hansard, wapinzani ndo wakawa wanatoka kila Naibu Spika Tulia Ackson akikalia kiti, siku nyingine wamebandika plasta midomoni. Hasira zao nazielewa, picha ilikuwa kali, magazeti yakaiweka mbele. Ila kwenye Hansard kutoka nje ni kamstari tu, ndani ya mabano, afu waziri anaendelea kusoma na hakuna wa kumkatiza.

Baadaye hata wa kususa wakakosekana. Kanuni zinadai asilimia 12.5 ya wabunge ili kambi rasmi iwepo, na baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani walioingia hawakufika hapo, ikawa hakuna kiongozi wa kambi wala mawaziri vivuli, wale wapinzani wanaopangiwa kila mmoja wizara ya kuibana. Shilingi bado zinashikwa lakini, wanashika wabunge wa chama cha waziri mwenyewe, na hao wanairudisha fasta.