Lenzi pana sana kwenye fomati ya kati: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kihisi kikubwa hakivuti watu wa pembeni." Karibu kila mteja anayehama kutoka fulu fremu (kamera ambayo kihisi chake, bapa linalopokea mwanga, ni 36 × 24mm) kwenda fomati ya kati (yenye kihisi kikubwa zaidi) ananijia na sentensi hii, na ndiyo inayowaponza wengi wakati wa kununua lenzi. Nianze nayo, na sitaiachia upesi.

Hoja yao huwa hivi: lenzi ya 23mm kwenye Fujifilm GFX, kamera ya fomati ya kati, inaona upana wa 18mm ya fulu fremu, lakini kwa kuwa ni 23mm, picha itatulia kama ya 23mm. Nyuso za pembeni hazitapanuka, nguzo hazitavutika, chumba kitaonekana kama macho yanavyokiona. Si kweli hata kidogo.

Hapo yamechanganywa mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa vitu vya karibu ukilinganishwa na vya mbali. Huo unaamuliwa na mahali uliposimama, basi. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja mita 1 kutoka kwenye kamera na mwingine mita 4, watatofautiana mara nne kwenye picha, uwe umeshika simu au kamera ya fomati ya kati. La pili ni kule kuvutika kwa vitu vya konani. Lenzi hizi zimeundwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka juu ya kihisi bapa, na gharama yake ni kwamba kitu kilicho mbali na katikati kinavutwa kuelekea nje. Kinavutwa kiasi gani? Inategemea pembe yake kutoka katikati ya picha, wala haitegemei urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi.

Tupige hesabu, maana hapa maneno matupu hayamshawishi mtu. Kihisi cha GFX, sawa na cha Hasselblad X2D, ni 43.8 × 32.9mm, na nusu ya ulalo wake (mstari wa kona hadi kona) ni 27.4mm. Gawanya kwa 23 upate 1.19, yaani pembe ya nyuzi 50 hivi kutoka katikati hadi kona. Nusu ya ulalo wa fulu fremu ni 21.6mm. Gawanya kwa 18 upate 1.2, nyuzi 50 vilevile. Kwenye pembe hiyo mpira mdogo uliokaa konani unatoka umbo la yai, urefu wake takriban mara 1.56 ya upana wake, katika kamera zote mbili.

Tena kama kihisi kikubwa kingekuwa dawa, kihisi kikubwa zaidi kingekuwa dawa kali zaidi. Chukua lenzi ya Rodenstock HR Digaron-S 23mm uifunge kwenye Phase One IQ4 150MP, ambayo kihisi chake ni 53.4 × 40mm. Milimita za lenzi ni zilezile 23, lakini kona sasa iko nyuzi 55 kutoka katikati, na mpira unavutika mara 1.76. Kihisi kimekua, mvuto umezidi. Anayedai kwamba milimita ndizo zinazotuliza picha anijibu hapo.

Wanaoniletea picha za kundi kuuliza lenzi yao ina kasoro gani, huwa nawaonyesha mtu wa mwisho kwenye mstari. Shavu lake la nje ni pana kuliko la ndani, sikio limesogea mbali na jicho, bega limenenepa. Lenzi ni nzima kabisa. Kosa ni kumweka mtu hapo. Kwa 23mm kwenye GFX, usitoe uso wa mtu nje ya nusu ya kati ya upana wa fremu. Ndani ya eneo hilo mvuto unafika kama asilimia 10 tu, na jicho halisumbuki.

Kuna kitu kimoja kinachoipa dhana hii sura ya ukweli, nacho ni umbo la fremu. Fomati ya kati ni 4:3, fulu fremu ni 3:2, na ule uwiano wa 0.79 unaotumika kulinganisha milimita unapimwa kwa ulalo. Ukipima kwa upana, 23mm inaona nyuzi 87 na 18mm ya fulu fremu inaona 90. Ukipima kwa kimo, 23mm inaona nyuzi 71 na 18mm inaona 67. Kwa hiyo pembeni kweli unapoteza kidogo, na mvuto wa pale unapungua kidogo, lakini juu na chini umeongezewa. Na ukikata picha iwe 3:2, lenzi yako inafanya kazi ya 19mm. Anayepiga picha za ndani ya nyumba kwa ajili ya ukurasa mpana alijue hilo kabla ya kulipa.

Ndugu yake dhana hii ni "nimenunua Zero-D, haipotoshi." Zero-D ni jina ambalo Laowa huzipa lenzi zake zisizopinda mistari, na Laowa 17mm f/4 ya GFX inalistahili: mistari haipindi. Lakini kupinda kwa mistari na kuvutika kwa vitu ni mambo tofauti. Kwa 17mm kona iko nyuzi 58 kutoka katikati, na mvuto unakaribia mara 1.9. Lenzi ikinyoosha mistari kikamilifu, mvuto huo unakuja wote. Programu inaweza kuupunguza, ila italazimika kuipinda mistari uliyolipia inyooke.

Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki: lenzi yako ya kwanza iliyo pana iwe 30mm. Inakaribia 24mm ya fulu fremu, na mvuto wa konani ni mara 1.35. Ukishaitumia mpaka ukuta wa nyuma ukugonge mgongoni mara nyingi, hapo tuzungumze 23mm au zumu ya 20-35mm f/4. Anayeanza na 17mm mara nyingi ananiletea picha zenye sakafu tupu nusu nzima, na mlima aliousafiria umekuwa kichuguu kwa mbali. Lenzi pana hufaa pale kuna kitu cha karibu kinachostahili kuonekana kikubwa. Sogea mbele.

Mengine nitayapitia haraka.

"Nina lenzi pana ya fulu fremu, nitaweka adapta." Nyingi zitakupa kona nyeusi. Utaishia kuiweka kamera kwenye hali ya 35mm, inayotumia sehemu ya kati tu ya kihisi, na megapikseli 102 za GFX100 zitashuka hadi 60 hivi. Hapo umebeba kamera kubwa kufanya kazi ya fulu fremu. Lenzi za shifti, zile zinazoweza kusogezwa juu au pembeni bila kuigeuza kamera, ni habari nyingine. Canon TS-E 17mm f/4L na TS-E 24mm f/3.5L II zina duara la picha (eneo ambalo lenzi inaliangaza) la 67.2mm, na ulalo wa GFX ni 54.8mm. Zinafunika, na kwa fremu ya kulala bado unabakiwa na shifti ya kama 9mm kwenda juu.

"Lenzi za zamani za filamu zitanipa upana kwa bei ndogo." Hazitakupa. Lenzi ya Distagon 40mm ilikuwa pana kwenye filamu ya 6×6 (sentimita), lakini kwenye kihisi cha GFX cha 44 × 33mm ni kama 32mm ya fulu fremu. Lenzi nzuri, lakini pana sana siyo.

"Shifti ya nini, nitanyoosha jengo kwenye programu." Kwa kuielekeza kamera juu kidogo, sawa. Ukiielekeza juu sana, programu inaitanua sehemu ya juu ya jengo kwa pikseli ambazo hazikuwepo, kisha inakukata pembeni. Upana ulioununua unatupwa.

"Lenzi pana ina kina kikubwa, karibu na mbali vyote vinatoka vikali, fokasi haina haja ya uangalifu." Kwa 23mm ukiwa na tundu la lenzi la f/11, kipimo cha ukali cha enzi za filamu, duara la 0.035mm (doa kubwa kabisa linalohesabiwa bado kuwa nukta kali), kinakuambia uweke fokasi mita 1.4 ili milima ya mbali itoke safi. Pikseli za GFX100 zina upana wa mikroni 3.76. Ukitaka duara la 0.01mm, ambalo ndilo linaloendana nazo, umbali huo unakuwa mita 4.8. Na wanaokimbilia f/22, tundu dogo zaidi, kuziba pengo hilo wanaharibu zaidi: kwenye f/22 mwanga wenyewe unatawanyika na kufanya doa la mikroni 29 hivi, pikseli 8 kwa upana. Kaa kati ya f/8 na f/11. Karibu na mbali vikikataa kukubaliana, piga fremu mbili au tatu zenye fokasi tofauti uziunganishe baadaye.