Hakuna Aliyezawadiwa Kilimanjaro

Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye shahada: eti mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima Kilimanjaro. Yeye alikuwa na milima miwili ya theluji, mjukuu hana hata mmoja, akamwonea huruma.

Jamani. London na Berlin zilikubaliana mstari ule kufikia tarehe 1 Novemba 1886. Wilhelm wa Pili alitawazwa 1888. Kaiser wa 1886 alikuwa babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, aliyemzidi Victoria miaka 22. Mjukuu gani huyo anayemzidi bibi umri?

Na kabla hujanitajia Mkutano wa Berlin: ulifungwa Februari 1885, ukajadili zaidi biashara na usafiri wa mito ya Kongo na Niger. Mpaka huu haukuchorwa pale. Tuendelee.

Tarehe naweza kusamehe. Kinachoniudhi ni kwamba hadithi hii inauacha mlima mtupu, kama vile hakukuwa na mtu. Misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika Taveta, mashariki ya mlima, kabla Mzungu yeyote hajaja na karatasi zake. Ilipanda na vitambaa vya merikani vya viwanda vya Massachusetts na shanga za Venice, ikashuka na pembe za ndovu. Pembe zilizopita Unguja zilifika hadi Connecticut, zikawa vibao vya piano. Mlima ulikuwa sokoni tayari, na Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, yule Wazungu waliyemwita Mandara, alilijua soko hilo. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi lake, na Rindi akaikubali bendera ya Sultani. Muda si muda akafika Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya ardhi. Rindi akakubaliana naye pia! Upande wa Taveta, Mwingereza Harry Johnston alikuwa na mikataba yake tangu 1884.

Sasa itazame ramani ya 1886. Mstari unaanzia mdomo wa Mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unapenya kati ya Taveta na Uchaga, unauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. Taveta ya Johnston huku, Moshi ya Jühlke kule. Kona yenyewe ndiyo hiyo.

Kwa nini Waingereza hawakung'ang'ania mlima? Walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, na katika mambo ya madeni yake walimhitaji Bismarck, Kansela wa Ujerumani. Vitabu vya shule huandika sababu moja na kufunga ukurasa. Mimi kuna siku naona Misri ndiyo iliyoamua, kuna siku naona ni karatasi za Jühlke. Wala simwamini anayesema Rindi "aliuza" nchi. Mtu anayekubali bendera mbili ndani ya mwaka mmoja anatafuta marafiki wenye bunduki, au ndivyo ninavyomsoma mimi.

Barghash, ambaye bendera yake ilitangulia, hakuitwa kwenye mazungumzo. Manowari za Kijerumani zilikuwa zimeshamtembelea bandarini Agosti 1885. Aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na Desemba 1886 akaridhia. Yeye naye hakuwa mjukuu wa mtu.