LPA ni nini? Hati ya kumteua wa kukuamulia

Tuseme mama yako anaishi Leicester, Uingereza, ana miaka 74, na juzi amepigwa na kiharusi. Yuko wodini, hasemi. Kodi ya nyumba yake inadaiwa na bili ya gesi imeshafika. Wewe ndiye kifungua mimba, kwa hiyo unakwenda benki na pasipoti yake, kadi yake na cheti chako cha kuzaliwa. Karani anakusikiliza kwa upole, kisha anauliza: una LPA? Huna. Basi hata salio hakuambii.

Wengi wetu hushangaa hapo. Kwetu mume, kaka au mtoto mkubwa hushika usukani na hakuna anayemdai hati. Katika sheria ya England na Wales, undugu peke yake haukupi mamlaka juu ya fedha za mtu mzima, wala neno la mwisho kuhusu matibabu yake. Hata mke aliyeishi na mumewe miaka 40 hana. Madaktari watamuuliza, na wanatakiwa wamsikilize, lakini wao ndio watakaoamua lipi lina manufaa kwa mgonjwa.

LPA, yaani Lasting Power of Attorney, huziba pengo hilo. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita hati ya uwakilishi ya kudumu: mtu mwenye miaka 18 au zaidi, akiwa na akili zake, anamteua anayemwamini ili amwamulie mambo siku atakayoshindwa kuamua mwenyewe. Uzito uko kwenye hilo neno "kudumu". Hati ya kawaida, ile unayomwandikia ndugu akuuzie gari ukiwa safarini, hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati ule ule inapohitajika kuliko siku zote. LPA haifi. Na huyo mteuliwa, yaani mwakilishi, ambaye wengine humwita wakili, si lazima awe mwanasheria. Ni wakili kama yule wa kwenye nikahi: mtu uliyemweka asimame mahali pako.

Hati zenyewe ni mbili, na kila moja ina fomu yake na ada yake. Ya kwanza ni ya mali na fedha. Hii yaweza kutumika mara tu ikishasajiliwa, kwa ridhaa ya mwenyewe, hata akiwa bado timamu; inamfaa bibi ambaye magoti hayamfikishi tena benki. Ya pili ni ya afya na ustawi: dawa, chakula, nani amwogeshe, ahamie nyumba ya wazee au abaki kwake. Hiyo haiguswi hata siku moja kabla hajapoteza uwezo. Ndani yake kuna swali zito, kama mwakilishi aruhusiwe kukubali au kukataa matibabu ya kumweka mtu hai. Msilijibu kwa haraka mezani huku chai inapoa.

Kupoteza uwezo nako watu hukuelewa vibaya. Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu mzima anaweza kuamua, mpaka ithibitike vinginevyo. Kinachopimwa ni kama anaelewa jambo, analishika kichwani kwa muda wa kutosha, analipima, na anaweza kutoa jibu kwa njia yoyote, hata kwa kukubana mkono. Tena hupimwa kwa jambo moja moja. Mzee aweza kushindwa kuelewa kuuza nyumba, lakini akajua vizuri kabisa kwamba leo hataki wali. Kufanya uamuzi unaowaudhi watoto si dalili ya kupungukiwa akili. Na lazima kwanza asaidiwe aelewe. Wapo wazee wenye ugonjwa wa kusahau ambao Kiingereza ndicho hutangulia kuondoka, Kiswahili kikabaki. Wao waletewe mkalimani, na asiwe yule mtoto anayetarajia kuteuliwa.

Katika kujaza, wengi huvuruga mpangilio wa saini. Mwenye hati hutangulia, mbele ya shahidi. Anafuata mtu asiye wa familia, aliyemfahamu kwa miaka 2 au zaidi, au mtaalamu kama daktari, anayethibitisha kwamba mzee ameelewa na hakushurutishwa. Wawakilishi husaini baada ya hapo. Mkiruka hatua, fomu inarudi. Isiposajiliwa na Ofisi ya Mlinzi wa Umma (Office of the Public Guardian), haina nguvu. Mkiteua wawili wa kuamua kwa pamoja tu, mmoja akifa hati yote yaweza kuanguka kama hamkuandika wa akiba. Mimi ningewaruhusu waamue pamoja au mmoja mmoja.

Mzee akishapoteza uwezo, mlango wa kuandika LPA umefungwa. Familia inabaki kuiomba Mahakama ya Ulinzi (Court of Protection), ile ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia, iteue msimamizi: miezi ya kusubiri, gharama kubwa zaidi, ripoti za kupeleka, na chaguo si la mzee tena. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Mwakilishi naye ana mipaka. Hakupigii kura, hakufungii ndoa, hakuandikii wosia. Zawadi kutoka kwenye akaunti yako anaruhusiwa kutoa zile za desturi, kama za harusi, Idi au Krismasi, au za hisani uliyozoea kuisaidia, tena za kadiri ya uwezo wako. Kwa hiyo ile pesa ya kila mwezi inayokwenda Tanga kwa ada ya wajukuu, mwakilishi asiendelee kuituma kwa mazoea. Mwulizeni mwanasheria mapema, mama angali anaweza kueleza anachotaka. Na kama mama ana shamba Muheza, hilo linafuata sheria ya Tanzania.

Na mama akifariki, LPA inakufa naye siku hiyo hiyo. Mwakilishi hawezi kutoa hata pauni moja zaidi. Kazi inahamia kwa msimamizi wa mirathi.